Kijivu Juu ya Nyeupe

Ferney Ocampo alikuwa na tabia ya kusimama nyuma ya kiti cha Yolima kila alipotaka kumpinga. Aliegemeza viganja vyake kwenye mgongo wa kiti, akainama mpaka kidevu chake kikakaribia nywele zake, kisha akasema kwa sauti ya chini, sauti ile ile aliyoitumia kumwambia mambo mengine. Ndiyo maana Yolima Arroyave, katika miaka minne ya kufanya kazi na mtu huyu na mitatu ya kumpenda, hakuwahi kubishana naye hata mara moja bila moyo kumwenda mbio.

"Herufi zako zimekuwa kubwa mno, Yoli," alisema Jumanne ile. "Ukurasa unapiga kelele."

"Haupigi kelele. Unasikika."

"Na kitufe je? Kimenenepa kama arepa, mkate wa mahindi wa mama."

"Wanaokuja kukibonyeza ni wazee wa milimani. Mikono yao imechuma kahawa miaka hamsini. Ukiwawekea kitufe kama punje ya mchele watabonyeza cha jirani, halafu watajikuta wameomba kuonana na daktari wa wajawazito."

Ferney alicheka, na pumzi ya kicheko chake ikampita Yolima shingoni. Alifumba macho kidogo ili ile pumzi isimpotee.

Ofisi yao ilikuwa chumba kimoja ghorofa ya tatu, kwenye moja ya zile barabara za mji wa Manizales zinazopanda kama ngazi. Ukungu ulikuwa umeshuka tangu saa nane na kuufunika mtaa wote. Kwa miezi miwili walikuwa wakitengeneza tovuti ya kliniki moja ya wilaya, ili wagonjwa wa mashambani waweze kupanga siku ya kuonana na daktari kwa simu, badala ya kudandia gari la alfajiri na kufika mjini kukuta nafasi zimekwisha. Kesho yake walitakiwa kwenda kumwonyesha mkurugenzi.

"Mtu akifungua ukurasa," Yolima alisema, bado amempa mgongo, "subira yake ni ya sekunde tatu. Katika hizo tatu ajue amefika kwa nani, afanye nini, na akikosea atarudi vipi. Ukimwekea vitu kumi vinavyomwita kwa pamoja, hatakwenda hata kwa kimoja. Mwekee kimoja mbele, kizungushie nafasi tupu, vingine vikae nyuma vingoje zamu."

"Na uzuri?"

"Uzuri ni amalize shida yake, aizime simu, asikumbuke hata ulitumia rangi gani."

"Mwanamke huyu ataniua," Ferney aliuambia ukuta. Kisha akanyoosha mkono juu ya bega lake na kugusa skrini. "Haya, kitufe chukua. Herufi za katikati chukua. Lakini haya maelezo ya pembeni niachie mimi. Tuyaweke kijivu juu ya nyeupe. Yatulie. Ukurasa upumue."

Yolima aliigeukia pembe ile aliyoonyeshwa, ambako Ferney alikuwa ameshaweka mfano. Hakuona kitu. Mahali ambapo Ferney aliona maneno, yeye aliona weupe mtupu, msafi kama shuka iliyotoka kuanuliwa.

"Hayatasomeka," alisema.

"Kwako."

Alilitamka kwa utani, na likamchoma Yolima chini ya mbavu. Tangu Novemba alikuwa akilibeba jambo hili peke yake. Daktari wa macho alichukua karatasi, akachora duara kubwa, ndani yake duara dogo, ndani yake dogo zaidi, akamwambia kwamba macho yake yanakufa kuanzia kingo kwenda katikati na kwamba dawa haijapatikana. Uoni wa usiku ungekuwa wa kwanza kumkimbia, na pamoja nao rangi hafifu. Kisha pembeni pangeendelea kumsogelea, polepole, mpaka abaki kama mtu anayechungulia dunia kupitia bomba.

Hakumwambia Ferney. Kila alipojiandaa kusema, alimkumbuka marehemu don Aníbal, baba yake Ferney, aliyepofushwa na kisukari, na akakumbuka kwamba katika miaka yote hiyo mitatu Ferney hajawahi kumsimulia habari za ugonjwa ule. Mazungumzo yakielekea huko, Ferney aliinuka akaenda kuchemsha kahawa.

"Basi weka kijivu chako," Yolima alisema. "Pembeni tu."

Ferney alimbusu utosini na kurudi kwenye meza yake.

*

Mkurugenzi wa kliniki, daktari Esneda Hoyos, alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuamrisha na moyo mwema. Alisikiliza maelezo yote akiwa amekunja mikono. Kitufe kikubwa kilimfurahisha. Alitoa simu yake mwenyewe, simu ya zamani iliyopasuka kioo, akafungua ukurasa na kupanga siku ya kuonana na daktari kama mgonjwa. Alimaliza kabla Ferney hajamaliza kueleza.

"Hii hata baba yangu ataiweza," alisema. "Na haya ya pembeni? Yanasema nini? Miwani nimeiacha ofisini. Hebu nisomee, binti."

Chumba kilikuwa na giza kidogo kwa ajili ya projekta. Yolima aliutazama ukuta. Alijua maneno yalipo, kwa sababu mahali pale alipapanga yeye mwenyewe, lakini maneno aliyachagua Ferney asubuhi ile.

"Ni maelezo ya kawaida tu, daktari."

"Nisomee hayo hayo ya kawaida."

Yolima aliendelea kuukodolea macho ukuta mpaka mtu mmoja akakohoa. Kisha Ferney akasoma, haraka, kwa sauti iliyokauka: mgonjwa afike na kitambulisho, asiyeweza kufika atoe taarifa siku moja kabla.

Daktari Hoyos alicheka bila ubaya wowote. "Kumbe tuko wawili tusioona. Basi hilo andikeni kwa rangi nyeusi, jamani. Mgonjwa asiposoma hilo, atapanda gari bure."

Walipoagana, alisimama ubavuni mwa Yolima na kumnyooshea mkono. Yolima alikuwa akikunja waya wa kompyuta huku akitabasamu mbele. Mkono wa daktari ulibaki hewani. Ulikaa pale, ukasubiri, ukaanza kushuka kwa aibu, ndipo Ferney alipoudaka na kuutikisa kwa nguvu, akishukuru kwa niaba ya wote wawili.

Walishika njia ya kurudi ofisini. Walitembea kwenye manyunyu, Ferney upande wa barabara, Yolima upande wa ukuta.

"Mkurugenzi alikupa mkono," hatimaye Ferney alisema.

"Sikuona. Nilikuwa na mawazo."

"Sawa."

Yolima alimtazama, akitegemea ataulizwa zaidi. Alikuwa tayari. Angeulizwa swali moja tu angeangua kilio palepale mbele ya duka la viatu na kumwambia yote. Lakini Ferney alikuwa ameinamisha uso, akikwepa madimbwi.

*

Jumapili walikula chakula cha mchana kwa Doña Rubiela, mama yake Ferney, kama kawaida yao. Yalikuwa maharage yaliyopikwa mpaka yakapondeka, nyama ya nguruwe ya kukaanga, ndizi mbivu na wali. Walipomaliza, mama alimtuma mwanawe kwenda kununua zile biskuti nyembamba za maziwa matamu kule mtaa wa Chipre, na Ferney akatoka akilalamika kwamba mwanamume wa miaka thelathini na mitatu bado anatumwa dukani.

Mlango ulipofungwa, Doña Rubiela aliosha mikono, akaikausha kidole kwa kidole, kisha akavuta kiti na kukaa mbele kabisa ya Yolima, magoti karibu yagusane.

"Imeanza lini?"

"Nini, mama?"

"Nimekunyooshea bakuli la ndizi mara mbili kwa upande. Mara ya kwanza nikasema mtoto ana mawazo. Mara ya pili nikalishika mpaka mkono ukaniuma. Nilikaa na kipofu nyumba hii hii, Yolima. Usinifiche mimi."

Yolima alitaka kukana, lakini kinywa hakikumtii. Alieleza yote, tangu Novemba, kwa maneno machache, akiutazama ukucha wa kidole chake.

"Na daktari anasema muda gani?"

"Hajui. Miaka mitano. Labda kumi. Anasema huenda nikabakiwa na kitundu katikati. Huenda kisibaki."

"Ferney anajua?"

"Hajui."

Doña Rubiela alimshika mikono yote miwili. Mikono yake ilikuwa ya moto kutokana na maji ya vyombo.

"Sikuchukii," alisema. "Nataka ulijue hilo kabla sijasema ninalotaka kusema. Amekuambia habari za Montevideo?"

"Montevideo?"

"Kampuni moja ya huko, nje ya nchi, inamtaka. Kazi kubwa, ya kusanifu kurasa za mabenki, sijui na nini. Wamempa mpaka Ijumaa ajibu. Amenionyesha barua mimi, wewe hajakuonyesha. Anakufikiria."

Mahali fulani kwenye nyumba ya jirani redio ilikuwa ikipiga muziki wa tango, na mtu akiimba pamoja nayo vibaya.

"Mume wangu alipoishiwa na macho, Ferney alikuwa chuoni Bogotá, mwaka wa pili. Hakuna aliyemwita. Siku moja nimefungua mlango, nikamkuta amesimama na begi. Alikaa miaka sita. Alimnyoa baba yake, alimsomea gazeti, alimtembeza mpaka uwanjani na kumsimulia mpira mguu kwa mguu. Hakuwahi kunung'unika. Siku tulipomzika, tumerudi hapa, amekaa kiti hicho ulichokalia wewe, akaniambia, 'Mama, nimechoka.' Basi. Tangu siku hiyo hajalitamka tena."

"Mama, mimi sijamwomba anibebe."

"Hutamwomba. Wala baba yake hakumwomba." Doña Rubiela alivuta pumzi. "Akijua, atabaki. Barua ya Montevideo ataitupa, kesho atakwenda kwa padri kuandikisha ndoa. Na atakuwa mume mwema, hutakuwa na la kulalamikia. Lakini utamsikia akichoka, mwanangu. Usipoona, utasikia. Mimi nilisikia kupitia ukuta huu, kila siku, jinsi alivyokuwa akivua viatu."

"Unaniomba nimwache."

"Nakuomba. Sikuamrishi. Najua ni kitu kibaya, na namwomba mtu mwema." Machozi yalikuwa yakimtoka bila sauti. "Kama unaona siwezi kukuomba hivyo, nifukuze. Nitakwenda chumbani na nitakupenda vilevile."

Yolima hakumfukuza. Walikaa wameshikana mikono mpaka ufunguo ukasikika mlangoni.

Ferney aliingia na mfuko wa biskuti, mvua ikimtiririka kwenye nyusi. Aliwauliza kwa nini wamekaa kama watu wa msibani. Mama yake akasema walikuwa wakimsengenya. Wakala. Yolima alichagua kiti cha mkabala naye ili uso wake wote uenee ndani ya lile duara lililokuwa limebaki: nyusi mbili nzito, pua iliyovunjwa na mpira utotoni, mdomo uliopakwa maziwa matamu pembeni. Alimtazama mpaka Ferney akauliza, "Nina nini usoni?"

"Maziwa," alisema, na hakunyoosha mkono kuyafuta.

*

Alichagua Alhamisi, saa kumi, baada ya kazi kwisha. Maneno ya pembeni yalikuwa tayari meusi. Vitufe vyote vilikuwa vimejaribiwa kwenye simu sita. Nje, kulikuwa na jivu jepesi la volkano ya milimani lililotua dirishani usiku uliopita, na hakuna aliyelipangusa.

"Mama yako ameniambia habari za Montevideo," alianza.

Ferney aliacha kuandika. "Nilikuwa nikitafuta siku nzuri nikwambie."

"Leo ni nzuri. Nenda."

"Twende wote."

Alilisema, lakini lilichelewa. Lilichelewa kwa muda wa mtu kumeza mate, na Yolima, aliyekuwa amejifunza miezi hii kusikiliza kuliko kutazama, alilisikia likichelewa. Hakujiuliza kwa nini. Alikuwa ameshughulika na kubeba hotuba yake asije akaiangusha.

"Mimi siendi. Nenda wewe. Nimefikiri sana, Ferney. Tumekuwa kama watu wawili wanaoshiriki ofisi. Tunabishana kuhusu rangi, tunakula Jumapili kwa mama yako, wiki inakwisha. Nimechoka."

"Umechoka na nini?"

"Na sisi."

Alimsikia akivuta kiti na kusogea. Alikuja mbele yake, akachuchumaa, akamwinua kidevu kwa kidole kimoja.

"Niangalie halafu useme."

Yolima alimwangalia. Mbele ndipo mahali pekee palipokuwa rahisi. Aliona macho ya kahawia yenye wekundu, ya mtu ambaye hajalala vizuri siku nyingi, na akajikuta akitamani kuyabusu moja moja.

"Sikupendi tena kama zamani," alisema.

Alikuwa amejiandaa kwa mengi. Usiku kucha alikuwa amepanga la kujibu akiambiwa ni mwongo, la kujibu akilia, la kujibu akimkumbatia kwa nguvu. Alikuwa na jibu hata kama angepiga magoti.

"Sawa," Ferney alisema.

Aliondoa kidole. Alisimama. Akaanza kukusanya vitu vyake kwenye begi: daftari, chaja, kikombe chenye ufa, koti. Hakukusanya kwa hasira. Alikusanya kama mtu anayechelewa basi. Yolima alibaki amekaa, mikono mapajani, majibu yake yote ishirini yakimwozea kifuani.

Ferney alifika mlangoni. Akasimama. Kisha Yolima akasikia hatua zake zikirudi, mbili, tatu, na sauti ya miguu ya kiti ikikwaruza sakafu. Alikuwa amekiondoa kiti alichokiacha katikati ya njia, kati ya meza ya Yolima na mlango, na kukisukuma chini ya meza, taratibu, mpaka kikagonga ukuta.

Hakukuwa na sababu ya mtu anayeondoka kupanga viti. Yolima alilielewa jambo hilo mara moja.

"Ferney."

"Naam."

"Hicho kiti umekiondoa kwa nini?"

Yolima alisikia begi likihama kutoka bega moja kwenda jingine.

"Tangu lini unajua?"

Mvua ilianza tena kwenye bati la jirani. Ferney alizungumza kutoka pembeni, kutoka kule ambako Yolima hakuweza kumwona bila kugeuka. Hakugeuka.

"Tangu Desemba. Usiku ule wa sikukuu ya mishumaa. Nilikupungia mkono kutoka ng'ambo ya barabara, hatua nne tu. Ukanipita. Nikakufuata kwa nyuma mpaka pembeni mwa kanisa, ukawakumba watu watatu, kila mmoja ukamwomba radhi. Baba alianza hivyo hivyo, kwa kuomba radhi."

"Miezi mitano."

"Mitano."

"Na kile kijivu?"

"Nilitaka kujua imefika wapi." Sauti yake ilipasuka. "Sikujua daktari angekuambia usome. Nakuapia, Yoli. Nilitaka kujua mimi tu."

"Kwa nini hukuniuliza?"

"Nilikuwa nangoja useme mwenyewe."

"Ningesema ungefanya nini?"

"Ningebaki."

"Basi kwa nini..."

"Ndiyo maana niliomba usiseme." Sasa alikuwa akilia waziwazi, kilio cha mwanamume asiyejua kulia, kinachomkaba katikati ya maneno. "Kila asubuhi nilipanda zile ngazi nikiomba, leo asiseme. Leo tena asiseme. Nilijua siku ukisema nimekwisha, sitakuwa na pa kwenda. Miaka sita, Yoli. Nilikuwa namkata baba kucha huku wenzangu wakinitumia picha za mahafali. Nilimpenda baba. Nilimpenda na nilikuwa nikihesabu siku. Wewe siwezi kukuhesabia siku."

Sasa Yolima alielewa. Alikuwa amejitoa kama zawadi, akajifunga vizuri, na kumbe aliyekuwa akipewa alishasimama mlangoni zamani akisubiri kupewa.

"Nakupenda," Ferney alisema. "Hilo si uongo."

"Najua."

"Niambie nibaki, nibaki. Sema neno moja tu."

Lilikuwa neno dogo, na lilikuwa limeshafika kwenye ulimi. Angelisema, angesikia begi likianguka sakafuni na mikono ikimzunguka, na leo ingekuwa tamu. Kisha angeanza kumsikiliza jinsi anavyovua viatu.

"Shuka polepole," alimwambia. "Ngazi zina maji."

Ferney alisimama kidogo zaidi. Labda alimtazama, labda aliinyoosha mikono. Yolima hakujua, wala hatajua kamwe, kwa sababu alikuwa ameukazia macho ukurasa wa kliniki na kitufe chake kikubwa cha kijani. Alihesabu hatua zake mpaka chini, ngazi hamsini na nne, na mlango wa mtaani ulipofungwa, alikiweka kichwa juu ya meza na kulia kwa mdomo wazi, bila kujali ofisi ya jirani.

*

Tovuti ilifunguliwa Jumatatu ya pili yake. Siku ya kwanza watu arobaini na mmoja walipanga kuonana na daktari bila kutoka nyumbani kwao. Daktari Hoyos alipiga simu kusema kwamba baba yake, mzee wa miaka themanini na mbili, amejipangia mara tatu kwa sababu ya raha ya kubonyeza. Yolima alimshukuru. Alikata simu, akaona kwamba hana wa kumsimulia.

Meza ya Ferney aliiacha kama ilivyokuwa. Siku hizo alikula akiwa amesimama. Alijifunza kwamba jioni, barabara ya kurudi nyumbani ina nguzo saba za taa na vipande sita vya giza kati yake, na kwamba katika kila kipande inabidi apitishe mkono ukutani. Hakumpigia Ferney. Ferney hakumpigia. Mara moja alimwandikia barua fupi kwenye kompyuta, akaisoma, akaifuta herufi moja moja kutoka mwisho mpaka mwanzo.

Jumamosi moja mchana Doña Rubiela alipanda zile ngazi, akahema mlangoni, akaingia na sufuria ndogo iliyofungwa kitambaa. Maharage. Alizunguka meza mpaka akafika mbele ya Yolima, akasimama pale anapoonekana, kama alivyokuwa amezoea kufanya kwa mume wake.

"Umekonda," alisema.

"Kazi nyingi, mama."

"Amenipigia jana. Anasema kule kuna upepo hauishi, na nyama yao nzuri. Sauti yake iko chini." Alikaa. Alikuwa na jambo, na alilizunguka kwa muda, akifungua kitambaa na kukifunga. "Ulimwambiaje?"

"Nilimwambia simpendi tena."

"Akaamini?"

Yolima aliitafuta sura ya mama yule na kuiweka katikati. Uso ulikuwa umezeeka kwa wiki chache hizi. Macho yalikuwa yamevimba, ya mtu anayelala na dhambi kitandani. Yalikuwa yakimwomba kitu kimoja tu.

"Aliamini, mama."

"Hakushuku chochote? Hayo ya macho?"

"Hakujua."

Doña Rubiela alijifunika uso kwa kile kitambaa. Mabega yake yalitikisika kwa muda mrefu, na alipokiondoa alikuwa kama mtu aliyetuliwa mzigo, na anayeona aibu kwa kutuliwa.

"Angejua," alisema, "hata ndege ingekuwa imesharuka angeshuka. Wanawake wa mtaani kwangu wana watoto wa kiume wa kila namna. Mimi nilizaa mtu."

"Ulizaa mtu, mama," Yolima alimjibu, akapapasa juu ya meza, akautafuta mkono wa mama yule mpaka akaupata.